Aliyejua akanyamaza, na waliojua wakasema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kwamba raia wa kawaida asijisumbue, kwani nchi huharibiwa na hutengenezwa na serikali na matajiri, na mtu mmoja hana lake. Alimalizia kwa methali ya kidole kimoja kutovunja chawa. Naujua uchungu unaomfikisha mtu hapo. Lakini mimi ni fundi wa magari, nimezeekea gerejini hapa Changamwe, na kitu nilichokishika kila siku ya kazi yangu, yaani petroli, kina habari zinazompinga waziwazi.

Vijana wanaojaza mafuta leo hawajui kwamba petroli tuliyoitumia nchini hadi mwishoni mwa 2005 ilikuwa na risasi ndani yake, yaani ile metali nzito ya kwenye betri. Sisemi uchafu ulioingia kwa bahati mbaya. Ilitiwa makusudi. Sababu yake fundi yeyote wa rika langu ataieleza. Chukua Peugeot 504 iliyojaa abiria na mizigo, inapanda kutoka Miritini kuelekea Mazeras. Mafuta yakiwa duni, mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda hujiwakia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Pistoni hupigwa vibaya, na dereva husikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Tunasema injini inagonga. Ikigonga muda mrefu, pistoni hutoboka. Risasi kidogo iliyoyeyushwa ndani ya petroli ilizuia hayo, kisha sehemu yake kubwa ikatoka kupitia ekzosi, ikatua barabarani, juu ya sukuma wiki ya mama muuza mboga na kwenye vidole vya watoto wanaotambaa.

Sisi tulikuwa karibu nayo kuliko wote. Plagi tuliyoitoa kwenye injini ilikuwa na ukoga wa kijivu kwenye ncha yake. Tuliisugua kwa msasa, tukaipuliza kwa mdomo vumbi litoke, tukairudisha. Kuhamisha mafuta kutoka tangi hadi mtungi, mtu alitia mpira tangini, akafyonza hadi petroli imfike ulimini, akatema, akauinamisha mpira. Jioni tuliosha grisi mikononi kwa petroli hiyo hiyo, kisha tukala. Hakuna aliyetuambia neno. Magari yalipohamia petroli isiyo na risasi, maneno yaliyojaa gerejini yalihusu valvu za magari ya zamani, kama zitahimili au zitakatika. Habari ya damu ya mafundi haikutajwa kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, kwa kuwa nilitaka kujua nilichokuwa nikikifyonza, na mbele ya kila nilichosoma nikalikuta jina la mtu mmoja.

Anaitwa Thomas Midgley. Alikuwa Mmarekani, mhandisi aliyeajiriwa katika maabara ya kampuni ya magari ya General Motors mjini Dayton, Ohio. Desemba 1921, baada ya kujaribu vitu vingi mno, aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kimiminika kiitwacho tetraethili ya risasi kinaiponya injini ugonjwa wa kugonga. Februari 1923 petroli yenye dawa hiyo ikaanza kuuzwa Dayton. Wanunuzi waliuziwa kwa jina la Ethyl, na risasi haikutajwa katika jina hilo.

Sasa namwomba msomaji mwenzangu anisikilize vizuri. Ubaya wa risasi haukuwa siri wakati ule. Kwamba inapooza mikono, inaharibu mimba na inatia watu wazimu, madaktari walikuwa wakiyajua kabla gari la kwanza halijatengenezwa. Na Midgley hakuyasoma kwenye vitabu tu. Mwanzoni mwa 1923 yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa ajili ya kazi hiyo, akaacha maabara akaenda Florida kutafuta hewa safi. Alijua kwa mwili wake.

Oktoba 1924 wafanyakazi wa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bayway, New Jersey, ambako tetraethili ya risasi ilikuwa ikitengenezwa, walianza kuona vitu visivyokuwepo na kupiga makelele. Watano walikufa, na wengine zaidi ya 30 wakaugua. Katika kiwanda kingine cha jimbo hilo hilo, kule Deepwater, wafanyakazi walilibandika jengo lao jina la nyumba ya vipepeo, kwa kuwa waliokuwa humo walionekana wakipunga mikono kufukuza wadudu hewani, na wadudu hawakuwepo. Magazeti ya New York yakalipuka. Wenye biashara ile wakaita waandishi wa habari tarehe 30 Oktoba, wakamleta Midgley mbele yao. Akajimwagia kile kimiminika mikononi mbele ya wote. Akakiweka puani akakivuta kwa muda wa dakika nzima. Akawaambia angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika.

Mimi hapo husimama kila ninapofika. Yule ni mtu aliyetoka kuugua mwaka uliopita kwa kitu hicho hicho. Alikuwa na waandishi wote mbele yake, kalamu mkononi. Sentensi moja tu kutoka kinywani mwake, kwamba mimi mwenyewe kiliniumiza, ingefika ukurasa wa mbele wa magazeti kesho yake. Hakuna mwingine duniani ambaye neno lake lingekuwa na uzito kama lake siku ile, maana yeye ndiye aliyekigundua. Akachagua kunawa.

Sitaki nionekane nasema alijaza hewa ya dunia sumu peke yake. General Motors, kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey na kampuni ya kemikali ya DuPont walikuwa nyuma yake na fedha zao. Daktari wa kampuni, Robert Kehoe, aliitetea biashara ile kwa miongo kadhaa, akidai wanaoipinga walete ushahidi, huku karibu tafiti zote zikilipiwa na wenye biashara. Na alikuwepo aliyesema. Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, bingwa wa magonjwa ya kazini aliyekuwa ameingia viwandani na migodini kuwaona wafanyakazi kwa macho yake, alisimama Washington Mei 1925 katika mkutano ulioitwa na mganga mkuu wa serikali, akaonya kwamba palipo na risasi, mapema au baadaye atatokea mtu wa kudhurika nayo. Mauzo yalikuwa yamesitishwa kwa muda. Mwaka 1926 yakaendelea, na petroli ile ikasambaa duniani hadi ikafika katika mpira wangu wa kufyonzea.

Midgley huyo huyo, miaka michache baadaye, aliongoza kazi ya kutengeneza gesi ya friji ambayo mafundi wa eyakondishena tuliijua kama R12. Gesi hiyo iligunduliwa baadaye kuwa inaila tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, na dunia ikakubaliana kuiondoa kwa mkataba wa Montreal wa 1987. Hapo simtii hatiani: ubaya wa gesi ile haukujulikana wakati wake, na sioni haki kumlaumu mtu kwa lile ambalo hakuna aliyelijua. Lawama yangu ni ya risasi tu. Alikufa 1944 akiwa na medali kubwa kubwa za wanakemia wenzake.

Nimwache huyo, nimtaje wa pili, naye ni Mmarekani, na ndiye ambaye ningependa kila mtoto wa shule Kenya amjue.

Clair Patterson hakuwa akitafuta risasi ya magari. Alikuwa mwanakemia aliyetaka kujua umri wa dunia. Njia aliyopewa ilikuwa kupima risasi iliyomo ndani ya mawe ya kale, kwa sababu urani huoza polepole ikawa risasi, na ukijua kasi ya kuoza na kiasi kilichozalika, unajua na miaka. Shida ikawa kwamba kila alipopima, risasi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Akapima tena, vile vile. Mwingine angebadilisha kazi. Yeye akaanza kujiuliza inatoka wapi, akagundua kwamba iko kwenye meza, kwenye maji ya bomba, kwenye nywele zake, kwenye hewa inayoingia dirishani. Akajenga maabara huko California ambayo haikuwa na mfano: akasugua sakafu na kuta, akaosha vyombo kwa asidi mara baada ya mara, akachuja hewa, akawavisha wasaidizi wake mavazi ya kuwafunika ili wasimwage risasi ya miili yao. Alipomaliza usafi huo ndipo akaupata umri aliokuwa akiutafuta, kutokana na kipande cha kimondo kilichoanguka zamani Canyon Diablo, Arizona: miaka bilioni 4.55. Alichapisha mwaka 1956, na hesabu hiyo haijabadilika sana hadi leo.

Angeweza kukaa hapo akala kwa jina lake. Lakini alikuwa ameshaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa amekiona, maana hakuna mwingine aliyekuwa na chumba safi kiasi cha kukiona. Akaenda baharini, akakuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini, maana yake inashuka kutoka hewani na imeanza kushuka hivi karibuni. Akaenda kwenye barafu ya Greenland, ambako theluji ya kila mwaka imelala juu ya ile ya mwaka uliotangulia, akaona risasi ikipanda ghafla katika tabaka za enzi za magari. Mwaka 1965 akaandika waziwazi kwamba watu wanatiwa sumu, na kwamba kile madaktari wa kampuni walichokuwa wakikiita kiasi cha kawaida cha risasi mwilini si cha asili hata kidogo. Kila mtu alikuwa nacho kwa sababu kila mtu alikuwa amechafuliwa.

Utafiti wake wa baharini ulikuwa ukilipiwa na taasisi ya wenye mafuta. Fedha hizo zikakatwa. Mwaka 1971 baraza la kitaifa la utafiti la Marekani likaunda jopo la kuchunguza risasi iliyomo hewani, na yeye, aliyekuwa akiijua kuliko wote, hakuitwa. Mimi nimefanya kazi chini ya watu, Mhariri, najua maana ya kukatiwa mkono wa riziki kwa ajili ya maneno. Wengi wangenyamaza, na nisingewahukumu haraka. Yeye aliendelea. Akapima mifupa ya watu wa kale wa Peru, akaonyesha kwamba mifupa ya watu wa leo ina risasi mamia ya mara kuliko yao. Akapima samaki jodari wa makopo, akaonyesha risasi inavyoingia kupitia lehemu ya kopo.

Hapa namkubalia msomaji mwenzangu nusu ya hoja yake, kwa sababu ni ya kweli. Patterson hakuiondoa risasi peke yake. Daktari Herbert Needleman alikusanya meno ya utotoni ya wanafunzi wadogo wa vitongoji vya Boston, na mwaka 1979 akaonyesha kwamba waliokuwa na risasi nyingi menoni walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya akili na hawakutulia darasani. Watengenezaji wa magari nao walianza kufunga kifaa cha kusafisha moshi ambacho risasi hukiua, na hilo likaisukuma kazi mbele kuliko hotuba nyingi. Zilihitajika sheria, wabunge, mahakama. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa. Lakini kidole kimoja kinatosha kumwonyesha alipo, na hakuna vidole viwili vilivyowahi kumvunja chawa ambaye hajaonekana.

Marekani ilipiga marufuku petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani kuanzia 1 Januari 1996. Patterson alikufa Desemba 1995, wiki chache kabla ya siku hiyo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar mwaka 2001 zikaazimia kuiacha, na 2006 ilipoanza, sisi Wakenya tulikuwa tumeshatoka. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na habari hiyo ilitangazwa kutoka Nairobi, kwa kuwa shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lina makao yake Gigiri. Shirika hilo linakadiria kwamba kuondoka kwa petroli hiyo kunaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Tangu Alice Hamilton alipoonya hadi pampu ya mwisho ilipofungwa ni miaka 96. Ndiyo gharama ya sentensi moja iliyomezwa siku ile New York, pamoja na nyingine nyingi zilizomezwa baada yake na watu wasiojulikana majina: karani aliyeiona ripoti, daktari aliyesaini, msimamizi aliyewaambia wafanyakazi kuwa ni malaria.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya Wamarekani. Basi turudi nyumbani, mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka gereji yangu.

Owino Uhuru ni kijiji cha mabati na udongo katika Jomvu, kina wakazi wapatao 3,000. Kilijengewa ubavuni kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kutoa risasi ya kuuza nje. Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ikawa kushughulikia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Tathmini ikaonyesha kwamba kiwanda hakifai kuwa pale, na akashauri kihamishwe. Akaondolewa kwenye kazi hiyo. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, madaktari wakatafuta ugonjwa wasiupate, hadi damu yake ilipopimwa risasi. Ilikuwa imemfikia kupitia maziwa ya mama yake.

Tazama tena mahali alipokuwa. Alikuwa ndani. Alikuwa na tathmini mkononi, mshahara mfukoni na mtoto mgonjwa. Angeweza kuchukua haki yake, akatibu mwanawe, akahama, na hakuna ambaye angemjua wala kumlaumu. Badala yake alirudi kijijini akawapima watoto wa wengine, akagundua kuwa mwanawe si peke yake. Akaandika barua ofisi baada ya ofisi. Akaandamana na wanawake wa Owino Uhuru. Mwaka 2012 alikamatwa akashtakiwa uchochezi, baadaye mahakama ikamwachilia. Watu wenye silaha walimvamia nje ya nyumba yake akiwa na mtoto. Hakuacha. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo wao usafishwe. Mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Nimemtaja kwa jina kwa sababu jina lake liko kwenye kumbukumbu za umma na kwa sababu nataka vijana walijue. Lakini nawakumbuka pia wale ambao hatutawajua. Mtu fulani alitia saini kwamba kiwanda cha risasi kinaweza kukaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kalamu moja, dakika moja. Na watoto waliopata risasi mwilini hawarudishiwi walichopoteza kwa dawa yoyote, kwa sababu ubongo ulioguswa na risasi utotoni haurudi ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Basi aliyesaini naye ni mtu mmoja aliyebadilisha jamii nzima, pengine bila hata kukumbuka siku aliyosaini.

Kwa hiyo siafikiani na msomaji mwenzangu anaposema mtu mmoja hana uzito. Uzito anao, ila haukai naye kila mahali. Unamshukia pale anapokuwa amejua jambo ambalo wenzake hawajalijua bado. Midgley alikuwa nao siku ile moja. Patterson alikuwa nao chumbani mwake California. Mama wa Owino Uhuru alikuwa nao na tathmini yake. Wengine wetu tunaweza kuishi hadi kufa usitufikie, au ukatufikia katika jambo dogo, kwenye kona ya mtaa.

Nitoe mfano wa hiyo kona, kwani ndio ulionifanya nishike kalamu. Ufuoni upande wa Likoni, ambako mimi huenda kununua samaki, nilimkuta kijana akitengeneza chubwi za mshipi, yaani vile vizito vya risasi vya kuuzamisha mshipi wa kuvulia. Alikuwa ameipasua betri ya gari kwa panga. Maji yake ya asidi ameyamwaga mchangani. Bamba za ndani ameziponda na kuzitia kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, na zilipoyeyuka, akaondoa ukoko wa juu kwa kijiko, chini yake kukawa na majimaji yanayong'aa, akayamimina kwenye vishimo alivyovitoboa kwa kidole katika mchanga mbichi. Moshi ulikuwa unaelekea kwenye kibanda anapokaa mke wake. Karibu naye mtoto wa miaka mitatu hivi alikuwa amechuchumaa, anazipanga chubwi zilizopoa moja moja, na moja iko mdomoni.

Nikamwambia, "Mwanangu, mtoe mtoto hiyo kitu mdomoni, ni sumu."

Akaitoa. Kisha akanitazama kwa adabu, akasema, "Mzee wangu, kazi hii nimeikuta kwa marehemu baba. Na hizo chubwi za dukani bei yake siiwezi."

Sikumlaumu na simlaumu. Nilimweleza niliyoyaeleza hapa kwa maneno machache kuliko haya, kuhusu ubongo wa mtoto, kuhusu mvuke usioonekana, kuhusu vumbi linaloingia na nguo hadi kitandani. Alisikiliza. Aliuliza swali moja zuri sana ambalo maofisa wetu hawajajiuliza: kama kitu hiki ni hatari hivyo, mbona betri mbovu zinauzwa wazi kama maembe? Nilipopita tena baadaye, jiko lilikuwa limehamishiwa mbali, upande upepo unakopeleka moshi baharini, na mtoto hakuwa karibu. Kuyeyusha bado anayeyusha. Sitajidai nimefanya makubwa.

Swali la yule kijana nalileta kwako, Mhariri, na kwa wanaokusoma walio na mamlaka. Maofisa wa afya ya jamii wa kaunti wanajua kukagua choo cha hoteli na nyama ya bucha. Wafike pia kwa wanaonunua betri mbovu kwa kilo na kuzipasulia uani mwa nyumba za watu, kuanzia Jomvu na Miritini hadi Likoni. Wasiende na pingu. Waende na bei: mwenye betri mbovu akiweza kuirudisha dukani ikapunguzwa kwenye bei ya betri mpya, hatakuwa na sababu ya kuipeleka kwa mwenye panga. Mafundi wenzangu tunaweza kuanza hilo hata kabla ya kuambiwa, kwa sababu betri nyingi mbovu za mji huu hupitia mikononi mwetu kwanza. Wauguzi wa kliniki za watoto waulize swali moja zaidi wanapomwona mtoto mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha na akili inayorudi nyuma: nyumbani kwenu kuna anayefanya kazi na betri? Na wavuvi watafutiwe chubwi za chuma au za mawe kwa bei wanayoiweza.

Nalo gazeti lako nalisihi lisiiache habari ya Owino Uhuru kwa kuwa hukumu imetoka. Tumeni mwandishi mmoja akakae pale, aulize nani amelipwa na nani hajalipwa, udongo umesafishwa kiasi gani, na waliokuwa watoto wachanga 2009 wanaendeleaje shuleni. Wako umri wa kidato sasa. Akitaka fundi wa kumwonyesha njia na kumweleza betri inavyopasuliwa na kuyeyushwa, niko tayari siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako msomaji wa siku nyingi,

Fundi mstaafu wa magari,
Changamwe, Mombasa.